Kiti cha Shangazi Atupele

Hapo zamani, na si zamani sana maana pikipiki zilikwisha kuwepo, palikuwa na mwanamke wa Tukuyu aliyeitwa Atupele. Kaka yake aliyehamia Mpanda alipata mtoto. Katika ukoo wao mtoto hupewa jina na shangazi akiwa amempakata, kabla jua la siku ya arobaini halijazama. Likizama, mtoto hukosa jina la ukoo maisha yake yote.

Mvua ilikuwa imekata njia za mabasi. Atupele alikuwa na pikipiki kubwa ya safari, lakini aliwahi kuanguka akaumia kifandugu, ule mfupa wa mwisho wa uti wa mgongo. Alijaribu kwenda. Kile kiti kirefu cha watu wawili kilimtelezesha nyuma kila mlima, na alipofika Mbeya alishindwa kushuka. Wakamrudisha nyumbani kama gunia la viazi.

"Nitakwenda," alisema. "Nitengenezewe kiti cha mtu mmoja. Mkono utakaonifikisha, mtoto ataitwa jina la mwenye mkono huo."

Lusajo, fundi wa kuchomelea, akang'oa kiti cha zamani, akaunda fremu yenye egemeo, chini akaweka springi mbili. Atupele akapanda. Miguu ikaning'inia.

"Fundi, hiki ni kiti au dari?"

Lusajo akakata, akachomelea upya. Akakata tena. Siku tatu hakushika kazi nyingine.

Anyosisye, mshona viatu, akajaza sponji laini kama andazi la moto. Atupele akazunguka mji, akarudi analia. Alikuwa amezama mpaka kwenye chuma.

Hapo akapita Tulinagwe, mfinyanzi, na beseni la udongo mbichi kichwani. Akacheka.

"Mnamshonea mtu hamjampima! Dada, kalia huu udongo."

Atupele akakaa. Alipoinuka, shimo la kushoto lilikuwa na kina zaidi kuliko la kulia.

"Fuateni hivyo hivyo. Na kifandugu kiachieni nafasi," alisema Tulinagwe, akaenda zake sokoni.

Anyosisye akachonga sponji ngumu kwa kufuata udongo ule. Ngozi ya kufunikia hakuwa nayo. Akaenda nyumbani, akaitazama ngozi ya ng'ombe aliyoachiwa na marehemu baba yake, akaikata.

Atupele akaondoka. Mashimo yakaja, springi zikayameza. Mvua ikaja, ngozi haikupitisha tone. Saa zikapita, kifandugu kikanyamaza. Siku ya arobaini, jua likiwa limeinama, akashuka Mpanda kwa miguu yake mwenyewe.

Kaka akapiga simu Tukuyu, ambako wote watatu walikuwa wamekusanyika, akaweka spika ili kila mtu asikie.

"Aitwe Lusajo!" alisema fundi. "Bila fremu yangu ungekalia nini? Nimeikata mara mbili kwa ajili yako."

"Aitwe Anyosisye," alisema mshona viatu. "Chuma kinapatikana popote. Baba yangu hapatikani tena, na kumbukumbu yake umeikalia."

Tulinagwe akacheka kama kawaida yake. "Dada, hao walikuwa wanakupeleka hospitali mpaka nilipopita mimi. Aitwe Tulinagwe."

"Ulikaa dakika tano tu!" alifoka Lusajo.

"Na wewe ulikaa siku tatu, na bado dada akarudi analia," alijibu Tulinagwe.

Wifi yake akamweka mtoto mapajani mwa Atupele. "Wifi, jua hilo linazama. Sema."

Atupele akamtazama mtoto, akafungua mdomo.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, msimwachie peke yake. Jina ni moja, na jua halingoji. Je, mtoto aitwe nani?