Kata ya Kwanza ya Igulwa

Sogeeni, jamani, na mwenye kutafuna atafune polepole. Hadithi yangu haina sungura wala fisi. Ina watu watatu, nayo imenishinda. Labda nyinyi mtaniokoa.

Palikuwa na Nyamizi, mkulima wa karanga wa kijiji cha Igulwa, ambaye Mungu alimjalia kukumbuka. Palikuwa na Masunga, karani wa serikali huko mjini, aliyejaliwa kuandika. Na palikuwa na Mutinta, mama wa nchi jirani, aliyejaliwa kuuliza. Na huyo akiuliza, hata mwenye majibu hutafuta kiti.

Nyamizi alizaliwa enzi za Kwa Mbula. Hicho kilikuwa kisima cha zamani, na Mbula ndiye mwanamke aliyeonyesha pa kuchimba. Desturi ya Igulwa ni hii: maji mapya yakipatikana, aliyeyaleta hunywa kata ya kwanza, kwa kibuyu cha kijiji, peke yake, mpaka tone la mwisho, na kisima huchukua jina lake. Kata haigawanywi. Mbula alikwisha kufa zamani, lakini kila alfajiri wanawake waliitana, "Twende Kwa Mbula!" Mama yake Nyamizi, aliyekuwa mshika kata wa kijiji, mwenye kumchotea huyo wa kwanza, alikuwa akimwambia, "Mwenye kisima hafi, mwanangu. Anatajwa na kila mwenye ndoo."

Ah, siku zile! Nyamizi aliukumbuka ubaridi wa mawe ya ukingoni chini ya nyayo zake, vicheko vya wasichana, na mama yake akimmwagia maji mgongoni kwa mzaha. Hata ugomvi wa foleni aliukumbuka kwa mapenzi.

Kisha Kwa Mbula pakakauka. Serikali ikaleta pampu na tangi. Siku ya uzinduzi ngoma zilipigwa, maji yakatoka, na ofisa mmoja akaweka tiki kwenye karatasi: Igulwa, maji yapo. Mwezi wa tatu pampu ikaanza kufanya kazi inapojisikia. Leo matone, wiki nzima kimya. Lakini ile tiki haikuharibika. Kila mwaka ilinakiliwa kwenye taarifa mpya, maji yapo, maji yapo. Na kijiji chenye maji nani akipelekee maji? Watu wakaanza kuhama. Kabula, binti pekee wa Nyamizi, naye akafunga mizigo, akachukua wanawe.

"Mama, maji yakirudi nitarudi," alisema.

Nyamizi akabaki. Akasokota kamba ya katani, na kila siku ambayo bomba lilikuwa kavu akafunga fundo, kama mama yake alivyokuwa akihesabu miezi ya mimba. Majirani wakamcheka. "Nyamizi, hiyo kamba utaichota?"

"Chekeni tu," alijibu. "Mimi namngoja mwanangu."

Mwaka ulipoisha, kamba ilikuwa na mafundo mia tatu na kumi na moja.

Mwaka huohuo nchi ilijiandaa kusimama mbele ya nchi nyingine na kueleza imefika wapi katika maendeleo endelevu. Safari hii ikaamriwa wananchi nao waulizwe. Mnaijua mikutano ya namna hiyo: watu husaini mahudhurio, hupiga makofi, huenda zao. Masunga alipofika Igulwa, Nyamizi alimwekea kamba mezani.

"Hesabu, mwanangu."

Masunga akahesabu, fundo kwa fundo. Akarudia tena, maana hakuamini. Akaandika, na wanakijiji wote wakaweka dole gumba chini yake. Mkubwa wake alipouona ule ukurasa, alikunja uso.

"Kamba si takwimu, Masunga. Utoe."

"Mzee, na tiki ya siku moja je? Nayo si takwimu."

Loo! Kesho yake Masunga alihamishiwa masijala, akafunge mafaili mpaka astaafu. Lakini ukurasa haukufutika, kwa sababu ya yale madole gumba. Mkubwa akaufupisha ukawa mstari mmoja, kwa herufi za kubanabana, chini kabisa ya ukurasa wa mwisho: isipokuwa kijiji kimoja.

Sasa, nchi hizi zilikuwa zimekubaliana kukaguana. Taarifa ya huyu isomwe kwanza na jirani yake. Ndipo akaja Mama Mutinta. Alisoma kurasa zote, miwani puani, mpaka ule mstari wa mwisho.

"Hicho kijiji kimoja ni kipi? Nataka nikanywe maji yake."

Mkubwa akamnong'oneza, "Mama, mwezi ujao ni sisi tutakaoisoma ya kwenu."

Mutinta akacheka. "Nyani haoni kundule, ndugu yangu. Ndiyo maana nimekuja kuwatazamia la kwenu, na nyie mje mtutazamie la kwetu." Lakini alijua anachokihatarisha, maana na kwao tiki za namna ile hazikukosekana.

Walipofika Igulwa, bomba lilikuwa linamwaga maji! Boza lilikuwa limekuja jana yake likajaza tangi. Mutinta akanywa, akashukuru. Wenyeji wake wakaanza kupanda gari.

"Ngojeni kidogo," alisema. "Nina nguo zangu za safari, nifue."

Akafua magauni. Akafua mashuka ya hotelini. Akaomba kanga za majirani, akazifua nazo, huku anaimba. Ilipofika saa nane bomba likakohoa, likatoa upepo. Mutinta akajikausha mikono, akauliza, "Haya, nani atanieleza?" Nyamizi akaja na kamba yake.

Siku ya siku, mbele ya nchi zote, mjumbe wa serikali yetu, Mutinta akimtazama, alisoma kwa sauti: Igulwa, siku mia tatu na kumi na moja bila maji. Aibu ile ilifanya kazi ambayo maombi ya miaka hayakuifanya. Kiangazi hakijaisha, mitambo ilifika, ikachimba mpaka chemchemi ya chini. Na Kabula, kama alivyoahidi, akarudi na wanawe na ndoo kichwani. Nyamizi alilia mbele za watu na hakuona haya.

Siku ya kufungua maji waliitwa wote watatu. Ila kuna jambo: baada ya mama yake Nyamizi kufa, mshika kata ni Nyamizi mwenyewe. Akaichukua kata ileile ya kibuyu, akachota, akageuka, kata mkononi.

Wazee wakaguna, "Kunywa wewe! Bila mafundo yako wangeandika nini?"

Vijana wakapiga kelele, "Masunga! Mafundo yalikuwa ukutani yananing'inia tu. Ameupoteza wadhifa wake kwa ajili yetu."

Wanawake wakadakia, "Acheni hizo! Mstari wa Masunga ungesomwa na nani? Ni huyu mgeni aliyetufulia kanga. Halafu kwao wakakaguliwa, wakaumbuka!"

Masunga alitazama viatu vyake. Mutinta, kwa mara ya kwanza, hakuwa na swali. Na Nyamizi? Alilitaka lile jina, tusimlaumu. Alitaka wajukuu wake waseme "Twende Kwa Nyamizi" hata atakapokuwa udongoni. Lakini alimkumbuka mama yake. Katika maisha yake yote, hakumwona hata siku moja akiipeleka kata mdomoni mwake kwanza.

Akasimama hapo, akiwaza. Na kata ile ni ya zamani, jamani, ina ufa. Tone la kwanza likaanguka vumbini. Likafuata la pili. Maji yakiisha kabla mtu hajanywa, kisima kitabaki bila jina.

Haya, mwenye kata sasa ni wewe. Je, ungeamua vipi? Sema upesi, inavuja.