Jina la Athumani Chini ya Tangazo la Msiba

Wewe mwenye vidole vyepesi, soma hii mpaka mwisho.

Athumani Semkiwa, fundi baiskeli wa Muheza, alikuwa na maneno, jamani! Akishika simu hakuna anayepona: kocha, shehe, hata bibi harusi aliyezidisha poda. Na yote aliandika mtandaoni kwa jina lake kamili, picha yake juu.

"Majina ya bandia ni ya waoga," alijigamba. "Mimi nikisema, nijulikane nimesema."

Siku moja aliona tangazo la msiba wa mzee mmoja mnene wa Korogwe. Hakumjua hata kidogo. Watu wanaandika pole na dua, yeye akaandika: "Wabeba jeneza wapewe posho mara mbili." Watu mia tatu wakacheka. Akalala usingizi mzuri kabisa.

Miaka minne ikapita. Binti yake, Salha, akapata mchumba, mwalimu mmoja mpole. Athumani alimlea Salha peke yake tangu mama yake afariki, na dua yake moja tu ilikuwa amwone mwanawe ameolewa na mtu atakayemtunza. Barua ya posa ilipofika, aliisoma mara mbili kwa furaha. Akaandika jibu la kukubali, akatia jina lake kamili.

Baada ya siku tatu mshenga aliyeileta posa, Mzee Kibwana, akarudi. Hakugusa hata chai.

"Bwana Athumani, nimetumwa kuvunja posa."

"Kwani mwanangu amekosa nini?"

"Hana kosa. Mama wa kijana amesoma jibu lako. Alipofika kwenye jina akashika kichwa." Akamwonyesha simu. Yale maneno ya jeneza, na picha ya Athumani pembeni, anacheka. "Marehemu huyu ndiye baba wa kijana. Mjane aliyasoma haya maiti ingali ndani."

"Wallahi sikuwajua!"

"Ndiyo, hukuwajua. Wao walikujua. Jina lako lilikuwa pale."

Athumani akapiga magoti, mtu mzima yule. "Nipeleke kwake nikamwombe radhi!"

"Alishakusamehe," mshenga akajibu taratibu. "Alikusamehe kwenye arobaini ya mumewe. Ila kukuita mkwe, amesema hawezi. Na kijana hawezi kumwoa binti huku mama yake analia."

Mshenga alipoondoka, Athumani akakaa chini akafuta kila alichowahi kuandika. Alipoinua macho, Salha alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia yote.

"Nimefuta, mwanangu. Nimefuta yote. Nitatumia jina jingine kabisa."

Salha akamtazama, machozi yanamtiririka.

"Na mimi, Baba? Mimi nitajiita binti wa nani?"



Funzo: Jina unaloandika mtandaoni si lako peke yako. Wanao wanalibeba, hata pale wewe umeshasahau uliloandika.