Upande wa Nne wa Mnara wa Igombelo

Kwanza fungeni madaftari. Na wewe mwenye simu, itie mfukoni, maana mimi sisemi huku ninaandikwa. Mmeuliza kwa nini mnara wa vita wa mji wetu una pande tatu kavu na upande mmoja mweusi unaong'aa, na kwa nini watu hupita hapa na vichupa vya mafuta wakainamia jiwe na kunong'ona. Najua mmeanza kuuliza kule barabarani, na kila mliyemuuliza jina lake aliwajibu, "Nani anauliza?" Mkadhani ni kiburi. Kaeni hapo kwenye ngazi.

Palikuwa na wakati ambapo mtu wa Igombelo hakuficha jina. Ukikutana naye njiani alikutajia lake, la baba yake na la babu yake, kisha akakuongezea la mkwewe kabla hujamaliza kuitikia salamu. Mnara haukuwapo. Hapa tulipoketi palikuwa uwanja wa kuanikia karanga, na jengo la bati lilikuwa moja tu, baraza la jumbe.

Ndipo Wazungu wakaanza kupigana wao kwa wao, nasi hatukuwa na habari. Asubuhi moja akaja karani na meza, kiti, daftari jekundu na magunia manane ya chumvi. Akaketi barazani, akatangaza kwamba serikali inataka kuwajua watu wake, na kwamba kila jina la mwanamume mzima litakalotajwa litalipiwa kibaba cha chumvi. Chumvi ilikuwa adimu mwaka ule. Watu walisukumana pale mezani. Walitaja waliokuwapo, walioko mashambani na waliolala na homa. Mmoja alimtaja hata shemeji yake ambaye hawakuwa wakisemeshana, kwa ajili ya kibaba tu.

Katika waliosukumana alikuwamo bibi yangu mzaa baba, Kalunde. Mumewe, Mihayo, alikuwa porini akirina asali. Kama Kalunde angenyamaza, hakuna karani ambaye angejua kwamba Mihayo yupo duniani. Lakini alikuwa na kibuyu kitupu mkononi na mtoto mgongoni, naye mtoto huyo ndiye baba yangu, Shija. Basi akasema, "Mihayo." Karani akaandika, akampimia chumvi yake, na bibi akarudi nyumbani akiimba.

Siku ya tisa karani alirudi bila magunia. Safari hii alikuja na askari. Alifungua daftari lile lile jekundu akasoma, na kila aliyesomwa alifungwa kamba kiunoni pamoja na mwenzake. Walikwenda kubeba mizigo ya vita: masanduku ya risasi, magurudumu ya mizinga, unga wa kuwalisha wenye bunduki. Mihayo alikuwa amerejea jana yake. Walimkuta uani anachuja asali, mikono inanata, wakamfunga hivyo hivyo.

Walitoka Igombelo wanaume mia mbili na kumi. Walirudi kumi na mmoja. Kalunde aliwaendea wote kumi na mmoja, nyumba kwa nyumba, na hapakuwa na hata mmoja aliyejua Mihayo alilala wapi. Tangu hapo bibi hakula chumvi. Mboga yake ilipikwa kando, kwenye chungu kidogo, mpaka anakufa. Nimeila mboga ile nikiwa mdogo, na sikuelewa kwa nini mtu mzima ajitese namna ile.

Wazungu wale walishindwa, wakaja wengine. Ikapita miaka kumi na minane. Shija akawa kijana mwenye ndevu na mabega ya kubeba chochote. Asubuhi moja watu wakaona meza barazani. Karani alikuwa mwingine, Burhani, mtu wa pwani, mpole, na daftari lake lilikuwa la kijani. Alisema serikali mpya inajenga mnara wa kuwakumbuka wapagazi waliokufa vitani. Alichotaka ni majina yao tu.

Machale yakawacheza watu. Jumbe wa siku hizo, Mzee Kasubi, aliwaita wazee nyuma ya baraza akawaambia, "Safari ile walisema wanataka kutujua. Safari hii wanasema wanataka kutukumbuka. Nyinyi mnaona tofauti?" Hawakuiona. Mmoja alisema maiti hahitaji kuandikwa, anayeandikwa ni mwenye miguu. Mwingine alisema, ukishajua jina la baba, mwana umempata. Kukataa nako kulikuwa na viboko vyake. Wakala njama: majina watatoa, tena mengi, lakini lisitoke hata moja la mtu.

Nendeni upande wa mashariki mkasome wenyewe. Kapembe ni mbuzi. Lugulu ni kilima kile chenye mnara wa simu. Tindo alikuwa mbwa wa Mzee Kasubi, tena mwizi wa mayai. Mia moja tisini na tisa, yote yamechongwa kwa herufi nzuri, na katika hayo hamna binadamu. Wageni huja hapa wakavua kofia mbele ya Tindo, nasi tunawatazama tu.

Ilipofika zamu ya Kalunde, alisimama mezani muda mrefu. Mnaelewa alichokuwa anakitaka? Alikuwa amempeleka mumewe kwa kinywa chake mwenyewe, na hapa palikuwa na mtu anayemwambia kwamba kinywa hicho hicho kinaweza kumrudisha, japo kwa jina. Lakini nyuma yake alisimama Shija, na Shija alikuwa Shija wa Mihayo. Kutaja la baba ni kumwonyesha karani njia ya kwenda kwa mwana.

"Marehemu wako anaitwa nani, mama?" Burhani akauliza.

"Mayu," Shija akamnong'oneza mama yake, "usitaje."

"Kapembe," akasema Kalunde.

Karani aliinua kalamu. "Una hakika, mama? Hili litakaa kwenye jiwe. Wajukuu zako watakuja kulisoma."

"Andika, bwana karani."

Akaandika. Yule mbuzi alikuwa amefungwa nje ya baraza, anatafuna ukindu.

Mnara ulijengwa kwa miezi saba. Mmeuona: jiwe la pande nne, na juu yake mpagazi wa shaba, mzigo kichwani. Wamemvalisha viatu. Mihayo hakuvaa viatu siku hata moja, wala wenzake. Hilo nalo watu waliliona wakaliweka moyoni. Siku ya uzinduzi ilipigwa tarumbeta, na majina yakasomwa moja moja mbele ya bwana mkubwa. Mbuzi, vilima na mbwa wakapigiwa saluti. Ilikuwa ya kuchekesha, lakini hakuna aliyecheka, kwa sababu kila mtu alikuwa akiwatazama askari, akisubiri kamba zitolewe.

Kamba hazikutolewa. Wiki ikapita, kisha mwezi. Burhani hakurudi na askari, alirudi na fundi wa kusafisha kingo za jiwe. Ndipo Kalunde alipoanza kuumia upya. Huenda mpole yule alikuwa mkweli. Huenda Mihayo angekuwa pale juu saa hii, ametajwa kwa heshima, na badala yake yupo mbuzi aliyekwisha kuliwa wakati wa mavuno. Amemtoa mumewe pasipotakiwa, na pale panapotakiwa amemnyima. Alilia uani mchana kweupe, majirani wakimsikia.

Kesho yake akaja hapa. Aliuzunguka mnara, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba upande wa nne, wa magharibi, hauna kitu. Umelainishwa kabisa, umesubirishwa.

"Upande huu ni wa nani?" akamuuliza fundi.

"Umeachwa kwa ajili ya watakaofuata," fundi akasema. Hakuwa na ubaya. Patasi ilikuwa mkononi, na chaki ya kupigia mistari ilikuwa nyuma ya sikio. "Kama kuna wako aliyesahauliwa, mama, nitajie sasa hivi. Nianzie naye. Nikishapata wa kwanza, wengine watajipanga chini yake."

Burhani, aliyekuwa amesimama kando ya fundi, akaharakisha kueleza kwamba maana yake ni waliosahauliwa tu, hakuna zaidi. Lakini neno lilikuwa limeshatoka. Kalunde alilitazama jiwe lile tupu. Palienea watu mia, labda na zaidi. Akageuka, akamwona Shija upande wa pili wa uwanja, amejitwika gunia la karanga kichwani, mgongo umenyooka vile vile kama wa yule mtu wa shaba.

Alikwenda nyumbani akarudi na kibuyu cha mafuta ya karanga, mafuta yake ya mwezi mzima. Akayamimina kiganjani, akaanza kulipaka jiwe kuanzia juu alipofikia mpaka chini, kama mtu anayemkanda mgonjwa. Alipofika katikati aliweka midomo kwenye jiwe akalitaja jina la mumewe. Alilisema taratibu, mara tatu, akamkiri na kosa lake la kumtaja kwa kibaba cha chumvi. Fundi alijaribu kupiga mstari wa chaki juu ya yale mafuta, chaki ikateleza. Akajaribu tena. Bila mstari fundi hachongi. Akafungasha vifaa vyake.

Waliokuwa uwanjani waliona. Jioni hiyo wakaja wanawake sita na vibuyu, kesho yake ishirini. Kila mmoja alipaka, akamtaja wake, wa kweli, kwa sauti ambayo jirani asingeweza kuisikia. Jiwe likanywa mafuta mpaka likawa jeusi.

Vita vya pili vilipokuja, meza ilirudi barazani. Karani aliuliza majina siku tatu, na siku zote tatu jibu lilikuwa moja: "Nani anauliza?" Akaondoka na daftari jeupe. Kule ofisi ya mji wanasema mafuta hayakuhusika na lolote, wanasema upande wa nne ulibaki wazi kwa sababu nafasi ya zile pande tatu ilitosha. Wanasema. Mimi ninachojua ni kwamba baba yangu Shija alikufa mzee, kitandani kwake, sisi watoto wake tumemzunguka.

Na tangu siku ile Kalunde alipomwaga kibuyu chake, upande wa magharibi wa mnara huu haujakauka, na mtu wa Igombelo hamtajii jina mtu aliyeshika kalamu. Hata watoto wanaojifunza kusema hulijua jibu lile kabla hawajalijua jina lao.

Naona wewe mwalimu umeandika jambo kiganjani, ukidhani sijakuona. Umeandika Mihayo. Liache, halina madhara. Ilibidi nimwite kitu ili muweze kunifuata, lakini babu yangu hakuitwa hivyo, na nyinyi nimewajua leo tu. Jina lake nilipewa na bibi, sikioni, siku alipokuwa anakufa, na mdomo wake bado ulinuka karanga. Mkitaka kumwamkia, kichupa hiki hapa. Pakeni polepole, kisha msogee kando, niseme naye mimi.