Gari Lililosifiwa kwa Kupanda

Wapendwa, fungeni Biblia kidogo, tutaisoma baadaye. Kwanza nawaletea mtu mmoja na gari lake.

Mtu huyu alikaa milimani, kule ambako mvua ikianza barabara inakuwa uji na magari yote yanalala. Alikuwa na pikapu. Kila masika ilikwama, naye alichoka kusukumwa. Basi akaipeleka kwa fundi, akasema, "Ninyanyulie hii." Fundi akainyanyua, akaweka springi ndefu, akaivisha matairi mapana ya tope. Gari likawa refu hata mama mjamzito hapandi bila kusaidiwa. Fundi akafuta mikono, akamwambia:

"Mzee, kazi bado. Gari limekuwa zito, matairi ni makubwa, na breki ni zile zile za zamani. Linataka diski kubwa. Na hii mipira ya breki imevutika, haitoshi tena kwa urefu huu."

"Breki si zinashika?"

"Hapa uwanjani zinashika."

"Basi. Mimi nataka lipande."

Na lilipanda, wapendwa! Masika ile magari mengine yalilala, lake likapita. Alibeba viazi vya watu, alibeba wagonjwa, alibeba saruji ya kanisa, hata maiti alibeba. Wazee ambao zamani hawakumsalimia wakaanza kumwita mheshimiwa. Kila mtu alisifia lilivyopanda. Sasa niambieni ninyi, nani amewahi kupigiwa vigelegele kwa sababu gari lake limesimama?

Aliyelijua gari lile likishuka ni mke wake, maana ndiye aliyekaa naye mbele. Siku moja wakitoka mnadani akamuuliza, "Baba Lwitiko, mbona siku hizi unaanza kukanyaga breki tukiwa bado juu kabisa, kule kwenye kona?"

"Gari zito hili, mama. Nalijua mwenyewe."

"Na hiyo harufu ya kuungua?"

"Harufu gani tena? Wewe nawe!"

Mwanamke hakuacha. Alisema wakati wa chakula, alisema mbele ya mashemeji, alisema mpaka mume akakubali, akateremka mjini kununua breki. Mnajua alirudi na nini? Taa! Taa za kufunga juu ya paa, safu nzima, zinazomulika hadi mlima wa pili. Dukani alizikuta zimetundikwa zinang'aa, na diski ziko chini ya kaunta zimepakwa grisi. Akasema breki atafunga msimu ukiisha. Mnacheka. Chekeni, mimi sicheki.

Msimu hauishi kwa mtu anayehitajika. Viazi vikiisha kuna harusi, harusi zikiisha kuna misiba. Majirani nao hawakumpa nafasi. Kila alipotaja gereji walimwambia, "Tupeleke kwanza."

Ikaja harusi ya mdogo wake. Bibi harusi anatoka kijiji cha juu, na gari la kumshusha ni lipi? Lile lile, limefungwa maua na vitambaa. Mbele kaketi bibi harusi na msimamizi wake, nyuma wamejaa waimbaji, na masanduku, na kabati, na kitanda. Safari hiyo mke hakupanda. Alibaki chini kuwapokea pamoja na wanawake wa ukoo.

Sasa huko kwao kuna desturi. Msafara ukikaribia, wanawake wa upande wa bwana harusi wanaziba njia kwa khanga, wanashikana mkono kwa mkono, na hawafungui mpaka wapewe chochote. Dereva akipiga honi, wao wanacheka. Akizidisha, wao wanazidi kushikana. Ndiyo raha yenyewe.

Katikati ya mteremko breki zikapata moto. Akakanyaga, pedali ikazama hadi sakafuni kama anakanyaga ndizi mbivu. Akavuta breki ya mkono, haikusaidia kitu. Akajaribu kurudisha gia, ikakataa kuingia. Kulia gema la mlima, kushoto korongo, na mbele yake, nyuma ya zile khanga, ukoo wake wote. Akailalia honi.

Na wanawake wakafurahi! "Leo hupiti bure!" wakaimba, wakashikana barabara nzima.

Mmoja tu ndiye aliyeelewa. Ni yule mke. Alisikia gari linavyonguruma, akaachia khanga, akaanza kuwasukuma wenzake. Huyu anamtupa mtaroni, huyu anamvuta nguo, anapiga kelele, "Tokeni! Hana breki! Tokeni!" Wenzake wakamkasirikia. Huyu naye, mbona anatuharibia sherehe? Wakaangukia mtaroni wakimtukana. Mume akalipeleka gari kwenye gema. Likagonga, likazunguka, na mkia wake ukamfagia aliyebaki barabarani.

Wote waliomtukana wako hai. Bibi harusi alivunjika mkono, yuko hai. Mume yuko hai, kama kule ni kuishi. Yule mke tu ndiye aliyekufa.

Msibani watu wakamwinamia yule mume, wakamwambia, "Ni mapenzi ya Mungu, baba. Mungu amempenda zaidi." Ndugu zangu, acheni kumsingizia Mungu! Mungu hakulinyanyua gari lile. Mungu alimtafuta mtu, akamkalisha kiti cha mbele, akampa pua ya kunusa na mdomo wa kusema. Ulitaka Mungu afanye nini tena?

Na sisi je? Kila Jumapili tunaomba nini hapa? Bwana, niinue. Bwana, nipandishe. Na wengi wetu tumeinuliwa kweli, nawaona mlivyokaa. Huyu amepata cheo, lakini hasira ni ile ile aliyokuwa nayo akiwa hana kitu, na sasa inaponda watu wengi zaidi. Huyu biashara imemkubali, na hajui kuiacha chupa. Huyu tumempa kipaza sauti hapa hapa kanisani, na ulimi wake hauna kitu cha kuuzuia. Nani kati yetu amewahi kufunga na kuomba ili aweze kujizuia? Nyoosheni mikono niione. Haya.

Na linaloniumiza ni hili. Siku tukishindwa kujizuia, wa kwanza kupondwa si mgeni. Ni yule aliyetuambia. Ndiye aliye karibu nasi kuliko wote, na ndiye atakayekuwa anawasukuma wengine watupishe.

Kwa kawaida sasa ningewaita mje mbele niwaombee. Leo siiti mtu, sina moyo huo. Nawajua. Ibada ikiisha mtapanga foleni pale mlangoni, mtanishika mkono, mtasema, "Mchungaji, leo umenena." Kisha mtakwenda nyumbani, mtamkuta yule mtu jikoni, mtamuuliza chakula kiko wapi.

Leo msinishike mkono. Nendeni mkamuulize alikuwa anawaambia nini siku zote hizi, na mumwache amalize. Kama hamtaki, basi, mtaniita nije kumzika, nami nitakuja. Nimeshawazika wengi wa namna hiyo, na nimechoka.