Malkia Watatu wa Dola ya Mrashi

Wazee walituachia neno: ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Maana yake si ngumu. Kunena hakumchoshi mtu. Ulimi hauna mfupa, wala haujapata kubeba mtungi. Ukitaka kumjua muungwana, mngoje palipo na uzito, kisha mtazame atendalo. Bi Mwanamize wa Kojani alilijua neno hili tangu utotoni, lakini kulijua ni mbali na kuliona kwa macho.

Ilikuwa miaka ile ya mwisho kabla ya uhuru. Pemba nzima ilikuwa vyama na uchaguzi, hata kisimani mtu huulizwa chama chake kabla ya kuulizwa hali. Wanawake wa sehemu tatu wakachoka na maneno hayo, wakaanzisha ngoma yao ya arusi, wakaiita Dola ya Mrashi. Haikuwa na askari wala bendera, lakini ilikuwa na milki tatu, Gombani, Micheweni na kisiwa cha Kojani, na kila milki ilikuwa na malkia wake. Alama ya dola ilikuwa mrashi wa fedha, ule wa kuwanyunyizia wageni marashi. Sheria ilikuwa moja: arusi ya milki moja ni arusi ya milki zote, na siku hiyo mrashi hushikwa na malkia mwenye shughuli.

Malkia wa Gombani, Bi Fakhriya, ndiye aliyekuwa msemaji. Maneno yake yalikuwa laini kama hariri.

"Kitendawili!" alisema siku moja kikaoni, nyumbani kwake, watu wa Kojani walipokuwa wakieleza tabu ya njia yao ya tope.

"Tega!"

"Ndugu watatu wameinama, mmoja akiondoka, chungu chamwagika."

"Mafiga!" walijibu wote.

"Basi mafiga ndiyo sisi. Hapa hakuna wa mbele wala wa nyuma. Sote sawa!"

Vigelegele vikapaa. Bi Mwanamize, malkia wa Kojani, naye alipiga, lakini moyoni alibaki na swali. Mafiga ni sawa, kweli. Je, kuni analeta nani? Mbona vikao ni Gombani siku zote? Mbona watu wa Kojani, wenye njia nzito kuliko wote, wakichelewa hupelekwa moja kwa moja uani kukuna nazi? Hakuwa na hasira. Ilikuwa ile hamu tu inayomfanya mtu afunue kawa aone kilichopikwa.

Mungu si Athumani, Siti, binti yake wa pekee, akapata mchumba, kijana wa Wete. Wakwe walikwisha kutangaziwa kwamba dola nzima itavuka kuja Kojani, na mrashi wake. Bi Fakhriya akapanga siku.

"Ijumaa ya kwanza baada ya mwezi kuwa mpevu," alisema.

"Shoga, siku hiyo ni bamvua," alisema Bi Mwanamize. "Asubuhi maji hupwa mpaka mtumbwi ukae juu ya tope. Tusogeze wiki moja, maji yawe mafu."

"Wiki hiyo nna wageni wangu. Kwani tope nini baina ya watu walio sawa? Siku ni hiyo."

Bi Kazija, malkia wa Micheweni, alikohoa kidogo. Alikuwa mtu wa maneno machache kama mwenye kuweka akiba. Alimtazama Bi Mwanamize.

Siti alipopata habari alikuja juu. "Mama! Kwa nini hukukataa?"

"Ningekataa kabisa ningepata siku nyingine, mwanangu. Lakini nisingejua kama usawa huu ni wa kweli au wa mdomoni."

"Kwa hiyo arusi yangu ndiyo mizani yako? Na wasipokuja, nani ataumbuka mbele ya wakwe, wewe au mimi?"

Bi Mwanamize aliinuka, akaenda kuwaombea wageni mitumbwi kwa majirani.

Ijumaa ikafika. Wakwe walikuwa wamekwisha kuvuka tangu jana yake, maji yakiwa yamejaa. Asubuhi bahari ilikimbia kama iliyofukuzwa, ukabaki mkondo mwembamba katikati, na tope jeusi kutoka mkondoni mpaka pwani ya ng'ambo. Bi Mwanamize na wanawake wenziwe walisukuma mitumbwi mpaka mwisho wa maji, wakashuka topeni kuwangoja wageni.

Watu wa Micheweni ndio waliotangulia. Bi Kazija hakuuliza lolote. Alikunja kanga yake, akaweka ngoma kichwani, akaingia topeni, na watu wake nyuma yake.

Kisha gari la Gombani likasimama. Bi Fakhriya akashuka, kanzu inameremeta, viatu vya kisigino, mrashi mkononi. Aliliona tope, akasita.

"Mwanamize! Waite wanaume waje wanibebe!"

"Wako kwenye nikahi, shoga!"

"Basi nyinyi. Njooni mnibebe mgongoni!"

Mwanawema, jirani yake Bi Mwanamize, mwenye ulimi mkali kama pilipili, akadakia: "Malkia mwenzetu, sisi tukija kwako hutubebi hata kwa macho!"

"Nyamaza, Mwanawema! Leo arusi," alisema Bi Mwanamize, ingawa kicheko kilikuwa kimeshamfika midomoni.

Lakini moyoni alipiga hesabu. Bi Fakhriya akirudi na mrashi, hakuna dola, na Siti ataaibika siku ambayo haina marudio. Neno moja lingetosha: haya, panda. Akafumbua kinywa alitamke. Kilichotoka ni kingine.

"Shoga, mgongo sikupi. Mkono nakupa."

Akaunyoosha, akiwa ndani ya tope mpaka magotini.

Kisha mwanamke mmoja wa Gombani akavua viatu, akapandisha buibui, akaingia. Akafuata wa pili. Wakaingia mmoja mmoja bila kumtazama malkia wao, mpaka akabaki peke yake pwani.

"Mna miba humo?" aliuliza, sauti imepungua.

"Imo."

"Na kaa?"

"Nao wamo. Leo wamealikwa kama wewe."

Bi Fakhriya aligeuka kulitazama gari. Akavitazama viatu vyake. Akavivua. Alipotia mguu alizama mpaka pajani, akapiga ukelele hata ndege wakaruka mikokoni. Bi Mwanamize akamdaka mkono. Wakaenda hivyo, mmoja akiteleza, mwenziwe akivuta.

"Hivi ndivyo mnavyokuja kwangu?" aliuliza Bi Fakhriya akihema.

"Kila bamvua likitukuta."

"Na hamkunambia?"

"Tulikwambia. Ukatutegea kitendawili."

Bi Fakhriya alivutwa mpaka mtumbwini. Alipokaa, alimwekea Bi Mwanamize mrashi mapajani, umejaa tope mpaka shingoni, akashika upondo akasaidia kusukuma.

Mama mkwe wa Siti aliwapokea mlangoni, akashangaa. "Bismillahi! Niliambiwa wanakuja malkia. Mbona naona wachokoa chaza watupu? Mkubwa wenu ni yupi, nimpe mkono kwanza?"

Watu wote walimtazama Bi Fakhriya, kwani swali kama hilo hakuwahi kumwachia mtu. Naye alirudi nyuma hatua moja, akasimama sambamba na Bi Kazija, akamsukuma Bi Mwanamize mbele kwa kiganja chenye tope. Alama za vidole vyake vitano zikabaki mgongoni mwa kanga mpya.

Ndani, Siti alikuwa amechungulia pembeni mwa pazia, akayaona yote. Kigelegele cha kwanza cha arusi ile alikipiga bibi arusi mwenyewe, jambo lisilo ada, na hakuna aliyemkemea.

Siku ile neno "sawa" halikutamkwa na mtu hata mara moja, na ndiyo siku Bi Mwanamize alipoliamini. Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo.