Pipa la Maji ya Arusi

Jumamosi, tarehe 14 Juni 1969, umeme ulikatika mtaani Kikula, Likasi, alfajiri, na arusi ya binti yake Adolphe ikaanza kwenda mrama. Wiki nzima alikuwa amewatambia majirani zake wa Kikula kwamba ugali wa wageni, bukari, ungepikwa kwa jiko kubwa la umeme la ukumbi wa arusi. Moshi wa jirani, alisema, hautakiwi. Sasa jiko lilikuwa baridi kama pua ya mbwa, na wakwe wa Kapolowe walikuwa njiani, wafike saa sita. Mkwe akikaa na njaa siku ya kwanza, aibu yake haifutiki.

Adolphe alijaza pipa la lita mia mbili maji ya bukari, akawasha moto uani kwake, akapuliza hadi macho yakawa mekundu kama pilipili. Saa tatu Julie, bibi arusi mwenyewe, nywele nusu zimesukwa, alitumbukiza kipimajoto. Alipewa na mchumba wake, fundi wa maabara. Wengine hupewa pete.

"Papa, saa moja ya moto, maji imetoka digrii makumi mbili, imefika makumi tatu. Ili ichemke, inabakia kama makumi saba."

"Ni kusema saa saba ingine?"

"Njo vile. Bakwe batafika saa sita, bukari saa kumi!"

"Niongeze kuni!"

"Pipa iko na matako moja tu, papa. Moto ingine itakaa wapi? Maji mingi inakula moto mingi. Tuigawanye: litri kumi pa kila mbabula, itachemka mbio."

Mbabula, jiko la makaa, Adolphe alikuwa nalo moja. Yalihitajika ishirini. Alimeza kiburi kichungu kama kwinini, akabisha kwa jirani, Mama Henriette.

"Eh, Papa Julie! Umeme yako iko wapi?"

"Ilikimbia, mama. Minye nakuya kuomba mbabula."

"Minye iko nayo. Na mudomo pia iko nayo: nitakucheka mpaka Noeli!"

"Cheka, mama, lakini washa."

Henriette aligonga kifuniko cha sufuria, na wanawake wakamiminika na mbabula vichwani, wakiimba. Saa tano mtaa mzima ulikuwa ukitokota. Wakwe walikula wakaongeza, hata mzee wao akalegeza mkanda, na Adolphe akacheza ngoma mpaka kiatu kikamtoka.

Kidole kimoja hakivunji chawa, na moto mmoja hauwahishi pipa. Lakini asubuhi ile Kikula ilipokatiwa umeme, mbona majumba ya wakubwa wa migodi yalibaki nao?