Mlinzi wa Ploti ya Mamboleo

Kidole kilichojikwaa hutoka damu, kikafungwa kitambaa, na baada ya muda mwenye kidole husahau hata jiwe lililomuumiza. Ulimi hauna kitambaa chake. Neno likishatoka kinywani halirudi likaoshwa; hutembea peke yake, likaingia katika nyumba ambazo msemaji hajawahi kuzikanyaga, na siku moja humngoja mwenyewe mahali asipotarajia. Ndiyo maana wahenga walituachia methali isemayo kwamba ni heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Absalom Opondo aliifahamu methali hii tangu shule ya msingi. Kuifahamu hakukumsaidia.

Opondo aliuza viatu vya mitumba katika soko la Kibuye, na ulimi ndio uliokuwa jembe lake. Wenzake walisema kwamba angeweza kumuuzia mtu mwenye mguu mmoja jozi nzima, na mtu huyo akaenda zake akishukuru. Alipofunga biashara jioni alirudi kwenye ploti ya familia, karibu na njia panda ya Mamboleo. Hapo palikuwa na nyumba ya mama yake mzazi, Mama Adero, nyumba yake mwenyewe alimoishi na mkewe Lorine, binti yao Akinyi na watoto wengine, na safu ya vyumba vya kukodisha vilivyowalisha wote.

Ploti hiyo ilinunuliwa na marehemu baba yake, Mzee Okinyi, zamani upande ule ulipokuwa vichaka na mashamba ya mtama. Aliyemuuzia alikuwa Mzee Mbarak, mfanyabiashara wa ngozi. Wazee hao walipatana kwa neno, wakapeana mikono mbele ya mashahidi wawili, na bei ikalipwa yote. Sehemu kubwa ya bei hiyo ilitokana na samaki wakavu ambao Mama Adero aliwabeba kichwani kutoka ufuoni. Safari ya kwenda ofisi ya ardhi kubadilisha jina iliahirishwa hadi baada ya mavuno, kisha hadi baada ya mvua, kisha Mzee Mbarak akahamia Mumias na kufia huko. Mzee Okinyi naye alipofariki alizikwa nyumbani kwao Seme, kama ilivyo desturi, kwa kuwa mtu wa heshima hazikwi kwenye ploti ya mjini. Kule Seme makaburi ya mababu humweleza kila mpita njia kwamba boma ni la nani. Mamboleo hapakuwa na kaburi la kusema.

Kwa miaka mingi hakuna aliyebisha hodi kuuliza lolote. Kisha mji ukatanuka, na kaunti ikaanza kuandaa orodha mpya ya uthamini, ili kila ploti ijulikane ni ya nani, ina majengo gani, na mwenyewe atozwe kodi kiasi gani. Habari hiyo ilitapakaa kama moshi wa kuni mbichi. Jirani yake Opondo, muuza misumari na mabati aliyeitwa Byron, alimwita kwenye ua.

"Omera, ndugu yangu, ukisema vyumba vyote hivi ni vyako watakukadiria kama mwenye hoteli," Byron alimwambia.

"Sasa niseme nini? Kwamba vimeota vyenyewe kama uyoga?"

"Sema wewe ni mlinzi! Nani alishamtoza mlinzi kodi ya ploti? Waache wamtafute tajiri mpaka viatu viishe, halafu uwauzie vingine."

Walicheka wote wawili mpaka wakashikana mabega. Lakini Byron alikuwa na hatimiliki yenye jina lake, imehifadhiwa benki. Kwake yeye mzaha ulikuwa mzaha.

Afisa alipofika alikuwa msichana mpole, mwenye vumbi hadi magotini, amebeba kishikwambi. Alijitambulisha kuwa ni Becky Wakhungu, kutoka upande wa uthamini wa kaunti. Mama Adero alikuwa barazani akichambua omena, vidagaa vya ziwani, kwenye ungo. Opondo alisimama langoni, mkono kiunoni.

"Mzee, mwenye ploti hii ni nani?"

"Mwenye ploti?" Opondo alitabasamu kama mtu aliyepata mteja. "Madam, hata mimi natamani kumwona. Mimi hapa ni mlinzi tu. Nafagia, nafunga geti, nalala."

"Mlinzi wa nani? Lazima niandike jina."

Uongo ni kama kibanda kisicho na nguzo. Ukishaujenga huna budi kutafuta wa kuuegemeza. Opondo alitafuta jina, na jina lililomjia ni la marehemu. "Wa watu wa Mbarak," akasema. "Hao ndio wenyewe. Wako mbali, huko Mumias. Kodi waulizeni wao."

Becky Wakhungu aliinua macho. "Mzee, sikiliza vizuri. Haya unayosema yataingia kwenye orodha, na orodha hii itasomwa na ofisi nyingi. Una hakika?"

"Andika tu, mama. Mimi na kalamu hatujawahi kugombana."

Akaonyesha kitambulisho chake, akatia sahihi kwa kidole juu ya kioo, huku akicheka. Mtume Petro alikana akiogopa upanga. Opondo alimkana baba yake akiogopa kodi, na hapakuwa na jogoo wa kumzindua.

Afisa alipoondoka, Mama Adero aliuweka ungo chini.

"Nyathina," alimwita, kama alivyomwita tangu utotoni, mtoto wangu. "Yule msichana umemwambia mimi ni nani? Mama wa mlinzi?"

"Ah, Mama, ni maneno ya kukwepa kodi tu. Yamepita na upepo."

"Shingo yangu haikubeba samaki wa Mbarak. Ilibeba samaki wangu."

Opondo alimbusu mama yake kichwani akaenda Kibuye, ambako aliwasimulia wenzake jinsi alivyomzungusha mtu wa kaunti. Walimpa sifa kemkem. Mmoja alimwita profesa. Kicheko cha sokoni kikamlevya kuliko chang'aa, naye akakirudia kisa hicho kila yalipopatikana masikio mapya.

Baada ya miezi kadhaa rasimu ya orodha ilibandikwa ili wananchi waikague, na mwenye pingamizi akaalikwa kulileta kabla orodha haijafungwa. Lorine alikwenda kuitazama. Alirudi akihema.

"Baba Akinyi, ploti yetu imeandikwa jina la marehemu Mbarak, na wewe umewekwa chini yake kama mlinzi. Nenda ukasahihishe. Wameniambia bado kuna nafasi."

"Niende kusema nilidanganya? Watanitoza kodi, waongeze na faini ya uongo."

"Bora faini."

"Mwanamke, usimwamshe aliyelala."

Lorine aliingia jikoni, kama alivyozoea mumewe alipokaza sauti. Muda wa pingamizi ukapita, orodha ikafungwa.

Mwaka haukuisha kabla ya hodi kusikika langoni. Alikuwa kijana mwenye kofia nyeupe na uso wa heshima, mkononi ameshika mfuko wa halua. Alisalimu kwa mikono miwili, akaketi alipoonyeshwa.

"Mimi ni Mujahid, mjukuu wa Mzee Mbarak," akasema. "Baba yetu alipofariki, tulianza kutafuta mali ya babu. Nilifanya upekuzi katika ofisi ya ardhi, nikakuta ploti hii bado ina jina lake. Nikaenda kaunti kuangalia uthamini wake, wakanionyesha kwamba kuna mlinzi ametutunzia miaka yote hii. Kodi nimeshailipa. Nimekuja kukushukuru, Mzee, na tuzungumze pia juu ya mshahara wako. Si haki mtu alinde bure."

Opondo alianza kucheka, kisha akaona kwamba mgeni hacheki. Midomo ikamkauka kama ngozi iliyowambwa juani.

"Kijana, hii ploti ni yetu. Babu yako alimuuzia baba yangu."

"Alimuuzia?" Mujahid aliduwaa. "Kuna maandishi?"

"Walipeana mikono. Kulikuwa na wazee wawili mashahidi."

"Wako wapi nikawasikilize?"

"Wamekufa."

Mujahid aliuweka mfuko wa halua chini. Hakuwa mnyang'anyi; laiti angekuwa mnyang'anyi, ingekuwa rahisi kumchukia. "Mzee," alisema, "babu hakutuambia habari ya kuuza. Wewe nawe uliiambia serikali kwamba ploti ni yetu. Sasa niamini lipi? Mimi sikukuita mlinzi. Ulijiita mwenyewe."

Mazungumzo ya wazee wa pande zote mbili hayakuzaa kitu, na Opondo akalipeleka shauri mahakamani. Wakili wa Opondo alikuwa mtu mkweli. Alimweleza kwamba ununuzi usio na maandishi ni mzigo mzito, ila mlango mmoja ulikuwa bado wazi. Sheria humtambua mtu aliyekaa katika ardhi miaka mingi, hadharani, akijiona na akionekana kuwa mwenye mali. "Lakini akaaye kama mlinzi wa mwingine," wakili aliongeza, "mlango huo haumhusu. Watakuuliza juu ya orodha ya kaunti. Utajibu nini?"

"Nitasema afisa alinisikia vibaya," Opondo alijibu. Ulimi uliomtia shimoni ndio aliokuwa akiutegemea umtoe.

Asubuhi ya kesi, alimfuata mama yake chumbani. Mama Adero alikuwa shahidi pekee aliyebaki duniani wa mapatano yale, naye alikuwa amevaa gauni lake la kanisani.

"Mama, ukiulizwa juu ya yule msichana wa kaunti, sema hukusikia. Masikio yako ni ya uzee. Nani atakulaumu?"

Mama Adero alimtazama kana kwamba alikuwa akimsoma. "Niinue Biblia kwa mkono huu, kisha niseme sikusikia? Ulimi mmoja umetufikisha hapa. Sitauongezea wa pili."

"Tutapoteza nyumba, Mama! Nyumba yako!"

"Najua ni ya nani. Ni wewe uliyesahau."

Kizimbani, kikongwe yule alisimama wima. Aliwataja mashahidi waliokufa, aliieleza siku ya mapatano, hata nguo aliyovaa Mzee Mbarak. Jaji aliacha kuandika, akasikiliza. Mujahid mwenyewe alionekana kuyumba, na moyo wa Opondo ukapanda kama maji ya ziwa wakati wa masika.

Ndipo wakili wa upande wa pili akainuka, akasema kwa upole, "Mama, tunakuheshimu. Siku afisa wa kaunti alipokuja, ulikuwa wapi?"

"Barazani."

"Ulimsikia mwanao akisema nini?"

Mama Adero alimgeukia mwanawe.

"Alisema yeye ni mlinzi."

"Mlinzi wa nani?"

"Wa watu wa Mbarak."

"Je, alilazimishwa? Alitishwa?"

"Hapana," alijibu mama. "Alikuwa anacheka."

Hapakuwa na swali jingine. Baadaye jaji alisoma uamuzi kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Alisema kwamba huenda Mzee Okinyi alinunua kweli, na kwamba mahakama haikumwona mama yule kuwa mwongo. Lakini mapatano ya mdomo, bila maandishi yoyote, hayakutosha kuliondoa jina lililokuwa katika hatimiliki. Na kuhusu ukaaji, mdai mwenyewe, mwenye akili timamu na bila kushurutishwa, alitamka kwamba alikaa kwa niaba ya wenye ploti. Mtu akaaye kwa idhini ya mwenye ploti, hata akiota mvi hapo, haigeuzi idhini kuwa mali.

Siku ya kukabidhi ploti, wapangaji walikuwa wamekwisha kuhama. Vitanda na masufuria vilirundikwa juu ya mkokoteni. Byron alisaidia kubeba kabati bila kumtazama mtu usoni, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Mama Adero aliketi kwenye kiti uani, mkoba wake mapajani. Mujahid alikuja akapiga goti mbele yake.

"Nyanya, wewe unaweza kubaki katika nyumba yako hadi mwisho wa maisha yako. Sitaki kodi."

"Asante, mwanangu. Lakini nikibaki, nitabaki kama nani?"

Macho ya Mujahid yalilengwa na machozi.

"Usilie," mama alimwambia. "Wewe hukuninyang'anya. Mimi naenda Seme, kwenye nyumba ambayo paa lake limeanguka, nikalale karibu na mume wangu. Niinue."

Opondo, aliyekuwa amesimama kando, aliruka mbele na kunyoosha mkono wake. Mama Adero aliuona. Akaupita, akaushika mkono wa Mujahid, akainuka kwa taabu, nao wawili wakaenda pole pole hadi barabarani. Hakugeuka nyuma. Opondo alitaka kumwita, akafungua kinywa, na kinywa kile kilichowahi kuuza kila kiatu cha Kibuye hakikupata hata neno moja la kumpelekea mama yake.

Kidole chake kingejikwaa siku ile langoni, kingekuwa kimepona zamani. Kweli, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.